Usaili wa video umekaribia, na mtoto hayumo kwenye fomu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa Uyole, Mbeya. Nina miaka 34, nauza viatu vya mtumba Mwanjelwa. Mwaka juzi nilifunga ndoa kanisani na kijana wa Kyela anayeishi Winnipeg, Kanada, ambako ana ukaazi wa kudumu. Nimemzidi miaka sita. Alikuja likizo ya mwezi mmoja, baba yake mdogo akaja kwetu na mshenga, wakatoa mahari, tukafunga ndoa, akarudi kazini. Krismasi iliyopita alikuja tena. Yeye ndiye ananidhamini kama mke wake nihamie huko. Alama za vidole nilienda kutoa Dar, vipimo vya afya nimeshafanya, na cheti cha polisi cha kuonesha sina rekodi ya uhalifu tumekipeleka.

Juzi imekuja barua pepe kwamba nitafanyiwa usaili kwa video, kiungo watanitumia. Shangazi, tangu siku hiyo silali.

Kwanza mtandao. Chumba nilichopanga kipo kando ya barabara kuu, malori ya Tunduma hayakomi usiku na mchana, na umeme ukikatika minara nayo inasumbua. Nikikatika katikati ya swali si wataona nimekimbia? Pili, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Mume wangu anasema nivae spika za masikioni, yeye awe hewani kwenye simu ya pili aninong'oneze majibu. Halafu kuna kaka mmoja pale Kabwe anauza karatasi za maswali na majibu kwa laki moja na nusu. Anasema ndugu zake wawili wamepita kwa karatasi hizo hizo. Ninunue?

Tatu, harusini upande wa mume walikuja watu wawili tu, baba mdogo na dada yake. Mama mkwe aligoma kwa sababu ya umri wangu. Kwenye picha inaonekana wazi, upande wetu umejaa, upande wao viti vitupu. Mume anataka nikiulizwa niseme mama alikuwa mgonjwa.

Tukiwa mbali tunaongea kila siku. Akitoka zamu ya usiku kwao ni asubuhi, huku ni alasiri na mimi niko kwenye meza yangu. Swali lake la kwanza huwa nimeuza pea ngapi. Pesa ananitumia kwa simu, taarifa za miamala tumeziambatanisha zote.

Kuna jambo jingine dogo. Nina binti wa miaka tisa, yuko kwa mama yangu Tukuyu. Mume wangu anamjua, anamlipia ada kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ila alipojaza fomu hakumwandika, alisema ukiweka mtoto watadai kipato kikubwa, na pia mama yake hajui kama nina mtoto. Tutamfuata nikishatulia. Baba yake tuliishi naye Mbalizi kama mwaka na nusu bila ndoa, akaondoka mtoto akiwa mchanga, sijui aliko. Nikiulizwa nisemeje? Nadhani hilo halina shida sana, kinachoninyima usingizi ni huo mtandao.

Naomba unijibu haraka.

Mke wa Mbali, Uyole

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nzima inalia na mtandao, na binti yako umempa mistari michache mwishoni. Mimi naanza na hiyo michache, kwa sababu mtandao ukikatika unarudi. Hili la mtoto likiharibika, umeliharibu kwa miaka.

Kanada inamtaka anayeomba ukaazi amtaje kila mtoto wake, anayesafiri naye na asiyesafiri, anayeishi naye na anayelelewa na bibi. Fomu ya taarifa za familia ina sehemu yake maalumu ya watoto, na chini yake kuna sahihi yako. Mtoto wa chini ya miaka 22 asiye na mke wala mume wao wanamhesabu kuwa mtegemezi, na mtegemezi anatakiwa apimwe afya hata kama mmeamua abaki Tukuyu. Kanuni zao za uhamiaji zina kifungu, 117(9)(d), kinachosema kwamba mtu wa familia ambaye hakutajwa na hakukaguliwa wakati mzazi wake anaomba ukaazi, baadaye mzazi huyo hawezi kumdhamini kama familia. Sasa soma tena sentensi yako: "Tutamfuata nikishatulia." Kwa karatasi zilivyo leo, njia ya kumfuata mnaifunga wenyewe. Zipo njia za kuomba huruma, na wapo waliofanikiwa, lakini hiyo ni kuandika maelezo na kusubiri huku wewe uko Winnipeg na mtoto anakua unamwona kwenye simu.

Hapo sijagusa uongo wenyewe. Sheria yao ya uhamiaji inamtaka mwombaji ajibu kwa ukweli kila anachoulizwa. Anayedanganya, au anayeficha jambo la msingi, anaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo haruhusiwi hata kuomba ukaazi wa kudumu. Nimeandika "anayeficha" kwa makusudi, maana unaweza kudhani kukaa kimya si kudanganya. Kimya nacho kimo humo humo.

Na usidhani hawatajua. Mwenyewe umesema taarifa za miamala mmeziambatanisha zote. Ofisa anazipitia mstari kwa mstari, anakuta mume wako kila muhula analipa shule ya msingi iliyoko Rungwe. Anafungua fomu ya familia, sehemu ya watoto ni tupu. Utamwambia hiyo ni ada ya nani? Ya kwako? Nyaraka mlizopeleka kuthibitisha mapenzi ndizo zitakazomtaja mtoto mliyemficha.

Hofu ya mumeo kuhusu kipato ndiyo inayoniuma zaidi, maana haina msingi. Anayemdhamini mke au mume, na mtoto mdogo wa mke huyo ambaye hana mtoto wake mwenyewe, kwa kawaida hawekewi kiwango cha chini cha kipato. Anachotia sahihi ni ahadi ya kuwatunza, ili wasiwe mzigo kwa msaada wa serikali. Kwa mke, ahadi hiyo ni ya miaka mitatu tangu apate ukaazi. Kwa mtoto wa umri wa binti yako, ni miaka kumi au mpaka afikishe miaka 25, lolote litakalotangulia, isipokuwa mkoa wa Quebec wenye utaratibu wake, nao haumhusu mtu wa Winnipeg. Ada ya maombi ya mtoto ni ndogo sana kuliko yako. Sijui nani alimwambia habari ya kipato kikubwa. Huenda alisikia masharti ya kuwadhamini wazazi akayachanganya, na wengi huyachanganya. Kwa vyovyote amemwacha mtoto nje kwa kuogopa gharama ambayo haipo.

Basi leo, kabla ya kufikiria spika za masikioni, mpigie simu. Usimpigie akiwa anatoka zamu na usingizi machoni, subiri aamke. Mwambie: "Mume wangu, usaili siendi mpaka tumwandike mtoto." Asipokubali mrudie hivyo hivyo, bila kelele. Aliyejaza fomu ni yeye, lakini sahihi ni yako na mtoto ni wako.

Akikubali, marekebisho yanatumwa kwa mtandao kupitia fomu yao ya mawasiliano au akaunti mliyotumia kuomba, kwa namba ya faili lenu. Tumeni fomu mpya zenye jina la mtoto, cheti chake cha kuzaliwa, picha yake, na barua fupi ya maelezo yenye sahihi zenu wote wawili. Barua hiyo msiipambe. Semeni hakuandikwa kwa sababu mume alidhani mtoto angeongeza masharti ya kipato, na kwa sababu familia yake ilikuwa haijaambiwa, kisha semeni kama mnataka asafiri na wewe au afuate. Kama cheti chake bado hujakichukua, na mna tangazo la hospitali tu, nenda RITA kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya kesho asubuhi. Usingoje kikamilike ndipo uandike. Andika sasa, useme cheti kinafuata.

Je, kujisahihisha kunafuta kosa? Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba aliyepeleka ukweli mwenyewe kabla ya uamuzi hasimami mahali pamoja na aliyebanwa mbele ya kamera. Na hapa, kama mna pesa ya kutumia, itumieni kwa mtu anayeijua sheria hiyo. Anayeruhusiwa kulipwa kuwakilisha watu kwenye uhamiaji wa Kanada ni wakili wa huko au mshauri mwenye leseni ya Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia, chombo kinachowasimamia tangu Novemba 2021, na majina yao yako wazi mtandaoni mtu yeyote ayatafute. Mumeo yuko huko huko, amtafute mmoja wiki hii. Yule kaka wa Kabwe hayumo kwenye orodha hiyo.

Mkitaka binti asafiri, suala la baba yake litakuja. Wanataka ridhaa ya mzazi anayebaki, au uthibitisho kwamba wewe ndiye mwenye haki ya kumlea. Baba haonekani, kwa hiyo anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, wakuelekeze namna ya kuomba amri ya malezi mahakamani kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Hilo linachukua muda, na halizuii kumtaja leo.

Kuna jambo jingine ambalo naona hukuligundua. Ulisema uliishi na baba wa mtoto Mbalizi mwaka na nusu. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inaanza kuwadhania watu kuwa mke na mume wakiishi pamoja miaka miwili, kwa hiyo hapa kwetu hukufika. Kanada miezi 12 ya kuishi pamoja kinyumba inatosha kukuita mwenza, na fomu zao zinauliza kama umewahi kuwa na mwenza wa namna hiyo. Kama mumeo alijaza hapana, sahihisheni na hilo kwenye barua ile ile. Halina aibu. Mwanamke wa miaka 34 mwenye mtoto wa miaka tisa, hakuna ofisa atakayeshangaa kwamba aliwahi kuishi na mtu.

Na mama mkwe? Yaliyomo kwenye faili hayapelekwi kwake. Ila nikuambie ninavyoona mimi: mtoto wake amemuoa mwanamke mwenye binti, na akina mama wa Kyela huwa wanajua mambo kabla hawajaambiwa. Ni kazi ya mumeo kumwambia, tena kwa mdomo wake, na akimtanguliza yule baba mdogo aliyesimama naye kwenye mahari itakuwa rahisi zaidi. Wewe usiibebe.

Sasa tuje kwenye usaili wenyewe.

Kuitwa si kukataliwa. Maombi mengi ya wenza huamuliwa kwa karatasi tu, na anayeitwa ni yule ambaye ofisa ana kitu anataka kukisikia kwa mdomo wake. Kwako nahisi ni umri, muda mfupi kati ya kutambulishana na ndoa, na zile picha za viti vitupu. Anapima mambo mawili: kama ndoa ni ya kweli, na kama haikufungwa hasa kwa ajili ya kupata ukaazi. Ukianguka kwenye moja kati ya hayo, umeanguka.

Kwa hiyo habari ya mama mkwe kuumwa itupeni. Fomu zao zinauliza kuhusu harusi na waliohudhuria, na ofisa anaweza kumhoji mumeo peke yake, kwa siku nyingine, kisha akalinganisha. Wewe utasema malaria, yeye atasema presha. Sema kilichotokea: "Mama mkwe hakuja. Hakufurahi kwamba nimemzidi mwanawe miaka sita. Baba mdogo ndiye aliyesimama upande wao, na dada yake alikuja." Hiyo ni habari ya familia yoyote ya Rungwe na Kyela, na ina uzito kuliko ugonjwa wa kutungwa. Watu wanaotunga ndoa huwa hawatungi mama mkwe aliyegoma. Tena itafuteni ile karatasi ya mahari, waliyoandika wazee siku ile, ng'ombe wangapi na fedha kiasi gani, na nani alitia sahihi. Barua ya posa kama ipo, nayo. Nyingi za karatasi hizi hukaa kwenye sanduku la baba mtu mpaka zinaliwa na mchwa, na hakuna anayekumbuka kuwa ni ushahidi.

Spika za masikioni usivae. Ofisa anakuuliza, macho yako yanakwenda pembeni, unanyamaza kidogo, kisha linatoka jibu ambalo halifanani na namna unavyozungumza. Wanaona hayo kila siku. Anaweza kukutaka uzungushe kamera aone chumba, na anaweza kukutaka utoe kilichoko sikioni. Hapo usaili umekwisha hata kama utaendelea kwa dakika nyingine ishirini. Mama yako naye asikae chumbani, hata kwa kukutia moyo.

Karatasi za Kabwe zina ubaya wa aina hiyo hiyo. Zitakufundisha kusema mnapendana, mnaheshimiana na mna malengo ya pamoja. Hayo ofisa ameshayasikia kwa watu wengi. Kwenye barua yako kuna jambo ambalo hakuna karatasi inayoweza kuliuza: mtu anatoka zamu ya usiku Winnipeg, kabla hajalala anapiga simu kuuliza umeuza pea ngapi. Ukiulizwa mnaongea nini, jibu hilo. Eleza siku uliyomwambia hukuuza hata moja, alisemaje. Eleza alivyokuja Krismasi mlilala wapi, mlikula nini, mligombana kwa lipi. Asiyegombana na mumewe wiki tatu nzima ndiye ningemtilia shaka mimi.

Na usichokijua, sema hukijui. Atakuuliza mshahara wa mumeo. Wake wangapi wa Mbeya wanajua mshahara wa waume zao wanaolala nao kitanda kimoja? "Hajawahi kuniambia kiasi kamili, najua anachonitumia" ni jibu halali. Kukisia ndiko kunakoua, kwa sababu yeye anacho kiasi kilichoandikwa. Atauliza ndugu wa mumeo ni wangapi, na hapo tulia: wanachotaka ni waliozaliwa na baba yake au mama yake. Ukiwajumlisha watoto wa baba mkubwa unaowaita shemeji, utataja saba na fomu ina watatu.

Kiingereza kisikutese. Jibu ile barua pepe mapema, omba usailiwe kwa Kiswahili na mkalimani, na soma vizuri barua ya wito inasemaje kuhusu hilo. Mkalimani asiwe shemeji yako. Ukishampata, zungumza sentensi fupi, umwache amalize, na ukisikia amekosea msahihishe hapo hapo. Wengi wana aibu ya kumsahihisha, matokeo yake kosa linaandikwa kwa jina lao. Ukitaja saa, sema na usiku au asubuhi, maana mumeo akiingia kazini saa nne usiku, isije ikaandikwa nne.

Hivyo hivyo kwa saa ya usaili. Kama barua imeandika 10:00, tazama ni saa za wapi. Za Afrika Mashariki ni saa nne asubuhi. Za Winnipeg ni saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa moja usiku wakati wa baridi. Ofisa anaweza kuwa Nairobi au Kanada kwenyewe, usikisie.

Sasa huo mtandao wako. Usaili wa mbali si jambo la ajabu kwao. Septemba 2020, wakati wa korona, waliokuwa wakisubiri wenza wao walikuwa wamerundikana, na waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Marco Mendicino, alitangaza kwamba wanajaribu teknolojia ya kuwasaili waombaji wakiwa mbali. Wanajua kwamba mitandao hukatika. Wewe umepona safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, au nauli ya Nairobi, basi sehemu ya pesa hiyo itumie kukodi chumba cha gesti nzuri mjini yenye jenereta, mbali na barabara ya malori. Lala hapo siku moja kabla, au angalau nenda siku ya kabla, saa ile ile ya usaili, umpigie mumeo kwa video nusu saa nzima uone. Angalia na dari. Chumba cha bati lisilo na dari, mvua yetu ya mchana ikianza kupiga, hata wewe mwenyewe hujisikii. Uwe na laini mbili za mitandao tofauti zenye bando, simu imechajiwa, na simu nyingine pembeni iliyozimwa sauti. Simu ya usaili iegemeze kwenye kitu, usiishike mkononi, mkono utachoka na picha itatetemeka. Zima WhatsApp, maana kundi la vikoba likianza kuingiza ujumbe utasumbuka bure. Pasipoti, cheti cha ndoa, cheti cha binti na picha viwe mezani.

Ukikatika, rudi kwa kiungo kile kile. Usiporudi ndani ya dakika chache, andika barua pepe saa hiyo hiyo kwa anwani iliyokuita, na namba ya faili, useme umekatika na unaomba muda mwingine. Piga picha ya skrini inayoonesha umekatika. Na wakati wowote atakapotokea mtu akakupigia kudai ada ya usaili, mkatie. Usaili hauna ada.

Mwisho wa mazungumzo, ofisa akiwa na shaka anatakiwa akuambie shaka yake, ama hapo hapo ama kwa barua, ili upate nafasi ya kujibu. Kwa Kiingereza chao cha upole linaweza kupita kama sentensi ya kuagana. Likija, usiseme "asante" ukakata. Mwombe mkalimani arudie, kisha lijibu hilo hilo. Kama ni umri, zungumzia umri. Kama ni mtoto mliyechelewa kumtaja, sema mlichokiandika kwenye barua. Ukiona kuna jambo hukulieleza vizuri, liandike na ulitume siku hiyo hiyo, maana ofisa huandika maelezo yake wakati unazungumza na ndiyo yatakayosomwa baadaye.

Jibu likija kuwa hapana, anayekata rufaa ni mumeo, kwa sababu ndiye mdhamini. Ana siku 30 tangu apokee sababu za kukataliwa, na rufaa inakwenda kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji huko huko Kanada. Yeye pia anaweza kuomba nakala ya maelezo ya ofisa. Mwambie aiandike hiyo tarehe mahali, ila kwanza aamke, ampigie mshauri mwenye leseni, na muandike jina la binti yako.

Shangazi